Sindano Kabla ya Bukari

Kama umetoka kwa daktari leo, karatasi umeikunja mfukoni, na njia nzima unajiuliza utamwambia nani, keti kwanza. Nakuandikia wewe. Mimi sikumwambia mtu ila mke wangu, naye nikamfunga mdomo. Kwa ukaidi huo nusura nife mchana kweupe, sahani ya chakula iko mbele yangu, imejaa, inatoa mvuke. Sasa niko salama, Mungu ashukuriwe. Lakini nikikumbuka napata hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Naitwa Ngoy. Nachomelea vyuma huku Ruashi, Katanga: milango, madirisha, mageti ya watu wanaojenga kila siku kando ya mgodi. Ni kazi ya mikono na mgongo, na mgongo nilikuwa nao.

Ilianza mwisho wa kiangazi, wakati vumbi jekundu linakaa hata kwenye meno. Kiu ilinishika. Nikasema ni vumbi hilo, na moshi wa kuchomelea. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza bidoni, dumu zima la maji la lita tano, na bado ulimi umekauka kama kipande cha gunia. Nikahamia soda. Mbili, tatu, baridi kabisa. Nasikia raha kidogo, halafu kiu inarudi na ndugu zake wote. Na ukinywa vile, unajua mwenyewe unaishia wapi. Wenzangu wa karakana walicheka: "Papa Ngoy, unaenda tena? Ule ukuta utaanguka, bwana!"

Nilicheka nao. Lakini mkanda haukucheka. Nilitoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, halafu jingine, halafu jingine. Nakula bukari, huo ugali wetu wa mahindi, sahani mbili, naomba ya tatu, na suruali inateremka. Macho nayo yakaanza kuona ukungu, mshono wa chuma siuoni vizuri. Nikafikiri kioo cha kinyago changu cha kuchomelea kimechubuka. Nikanunua kipya. Nikakilaumu nacho pia.

Siku hizo tulikwenda Kipushi kumsalimia mama wa mke wangu. Niliomba maji mara nne. Mwisho Numbi, mke wangu, aliona haya ya kwenda na kurudi na kikombe, akaniletea bidoni nzima. Niliimaliza nimeketi. Likumbuke hilo, maana kuna mtu aliliona.

Ruashi mtu akikonda hivyo, watu hawaulizi. Wanajua, au wanajifanya wanajua. Akina mama wa sokoni walipunguza sauti nikipita. Nililala njaa ya heshima yangu, na hiyo inauma kuliko njaa ya tumbo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, sikuweza kuinua hata ufito mmoja wa chuma. Numbi hakuniuliza tena. Alinifunga koti kama mtoto, akanipeleka hospitali.

Benchi la hospitali ulijue mapema: ni la mbao, limelainishwa na makalio ya watu, na halina mahali pa kuegemea. Tulikaa pale tangu asubuhi na karatasi ya namba. Nilipumua haraka haraka, na pumzi yangu ilinuka ndizi zilizooza. Mama mmoja jirani alijivuta pembeni, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika: "Huyu papa amelewa tangu asubuhi." Nilitaka kumjibu. Muuguzi alinichoma kidole, akaweka damu kwenye kimashine, kimashine kikakataa kutoa namba. Akachoma kingine. Kikakataa tena: sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Ndipo nikaona watu wanaanza kukimbia, na aliyekuwa akikimbiliwa ni mimi.

Siku nne niko kwenye maji ya mshipa. Ya kwanza siikumbuki. Ya pili nakumbuka mkono wa Numbi kwenye mguu wangu, juu ya shuka, umekaa tu pale. Ya tatu nilitaka bukari, na yule muuguzi, Mama Odette, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alicheka kwa furaha.

Ni yeye aliyenieleza, na hakunichosha na maneno ya kitabu; alisema Kiswahili chetu cha huku, ambamo "njo" ni "ndiyo" na "makala" ni makaa.

"Papa Ngoy, kwenu munapika na nini?"

"Na mbabula." Ndilo jiko letu la makaa.

"Bon. Chakula yote unakula, bukari, mukate, inakuwa sukari mu damu. Ile sukari njo makala. Kila kipande ya mwili yako iko na mbabula yake ndogo, inachoma makala, njo unapata nguvu ya kubeba ile machuma yako. Sasa weye, makala iko nyumba muzima, mpaka ku dirisha. Lakini mbabula iko baridi. Unajua juu ya nini?"

"Hapana, mama."

"Mukono ya kuingiza makala hauko. Ule mukono njo insuline. Mwili yako imeacha kuitengeneza. Njo maana ulikuwa unachoma mbao ya nyumba: nyama yako, mafuta yako. Ulikuwa unajichoma mwenyewe, papa."

Nilitazama mikono yangu juu ya shuka. Ni kweli. Zilibaki mbao chache.

Kisha akaninyooshea kidole, bila kicheko. "Sikia hii moja, hata ukisahau zingine. Ukipiga sindano, kula. Usingojee mugeni, usingojee sala, usingojee mutu. Ule mukono ukianza kuingiza makala, hauulize kama magunia inaisha. Ikiisha, moto inazimika. Na moto ya kwanza kuzimika ni ya kichwa. Kwa hiyo tembea na sukari mu mufuko."

Nikaitika. Kila mtu anaitika hospitalini.

Nyumbani tulianza maisha ya chupa. Chupa ya kwanza ya insulini ilikaa kwenye friji ya jirani, mpaka umeme ukakatika siku mbili mfululizo. Ya pili Numbi aliiweka ndani ya chungu, chungu ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji. Kila asubuhi alimwagilia ule mchanga kabla hajanawa uso. Tumbo langu likawa na vialama vya bluu. Lakini tundu la pili la mkanda likarudi kazini, halafu la kwanza. Nikaona mshono wa chuma tena, mweupe, umenyooka. Nililia nyuma ya kinyago, na uzuri wa kinyago ni huo.

Jambo moja tu lilitugombanisha.

"Papa Sifa," Numbi aliniambia, maana binti yetu ni Sifa, "utamuambia mama lini?"

"Siku nitapenda."

"Ni mama yangu."

"Njo maana!"

Usinione mkatili. Dada mkubwa wa Numbi aliolewa na mwanaume aliyeugua, akakonda, akaisha mbele yake miaka mitatu. Siku ya kumzika, mama mkwe wangu alisema mbele ya wote kwamba mtoto wake mwingine hatakaa kumwangalia mwanaume akiisha. Atakwenda kumchukua mwenyewe, kwa mguu. Na yule mama akisema, anafanya. Niliogopa sindano? Hapana. Niliogopa kurudi nyumbani nikute kitanda cha Sifa kiko wazi. Nikamwapisha Numbi anyamaze. Akanyamaza, ila alikuwa akiweka sahani mezani kwa kishindo.

Sasa nikueleze buko, maana bila hiyo utaniona mwehu tu. Kwetu Baluba wa kaskazini mwa Katanga, mkwe na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Simtazami usoni. Simpi mkono. Jina lake silitaji. Na kubwa kuliko yote, hanioni nikila. Kufungua kinywa mbele yake na kutia tonge ni sawa na kuvua nguo. Vijana wengi wa mjini wameacha, wanagawana kuku na mama wakwe zao na kucheka. Mama mkwe wangu hakuacha. Na mimi nililelewa na bibi yangu, sikuacha.

Basi katikati ya mvua, akatuma neno: mlango wake wa mbele umeoza, mkwe wake fundi yuko wapi? Hilo halikataliwi. Tukaenda Kipushi, mimi na Numbi, na vyuma vyangu, na chupa yangu ndani ya thermos. Kwenye begi Numbi alitia kipakiti cha sukari. Nililitundika lile begi kwenye msumari karibu na mlango.

Tangu asubuhi nilikata, nilinyanyua, nilichomelea. Nikang'oa mlango wa zamani. Yeye alikuwa kwenye jiko la uani na mguu wake mbovu, akisonga bukari. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, nikahesabu moyoni: nusu saa. Nikaenda nyuma ya choo, nikapiga sindano. Nilijiona mwerevu kweli.

Numbi aliniandalia peke yangu sebuleni, kama inavyotakiwa: bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki mkavu. Akaifunika sahani. "Pilipili hakuna," akasema. "Nakimbia kwa jirani, nakuya sasa hivi." Anajua sombe bila pilipili siiwezi. Akatoka mbio.

Mvua ikaanguka. Unaijua mvua yetu ya mwezi wa pili: haianzi, inamwagwa. Upepo ukang'oa bati la jiko la uani, nikalisikia likiburutwa. Na pale mlangoni pasipo na mlango, akaingia mama mkwe wangu, ameloa, akivuta mguu.

Alipoona niko pale, aligeuka kama aliyeungua. Akajifunika kitenge kichwani, akaketi kwenye kigoda pembeni ya mlango, mgongo kwangu.

"Musamaha, Papa Sifa. Mvua inanifukuza."

"Hakuna shida, mama," nikajibu, nikitazama ukuta.

Ilikuwa nafasi yangu. Maneno mawili tu: mama, naumwa. Au ningefunua sahani, nimpe mgongo, nile. Cheka ukitaka. Mkono wangu ulikataa kwenda kwenye sahani. Nikajiambia mvua ya namna hii haichelewi kuisha. Nikangoja.

Bati lilipiga kelele, hatukuweza kusikilizana. Chumba cha ndani ni chake, mkwe hakanyagi, na yeye kukifikia ilimpasa apite mbele yangu. Begi langu lilining'inia juu ya kichwa chake, mkono mmoja tu kutoka kitenge chake. Kulifikia ni kumwinamia. Nikalitazama lile begi. Nikasema, dakika tano.

Jasho likaanza nyuma ya shingo, baridi. Vidole vikatetemeka kama nimeshika mashine ya kusaga chuma. Midomo ikafa ganzi. Halafu ikaja njaa, na sio ile unayoijua: njaa yenye hasira, njaa ya kutafuna meza. Mvuke ulikuwa ukitoka pembeni ya kifuniko. Nikamkumbuka Mama Odette na magunia yake. Nilijua kabisa. Ndicho kinachonikera mpaka leo: nilijua, na nikaendelea kuketi kama bwana harusi.

Kisha nikaacha kujua. Ukuta ulisogea. Nilifikiri niko karakana, nikatafuta kinyago changu. Na nikasikia mtu akiita jina. Jina la mama mkwe wangu, la ubatizo na la ukoo, lote, kwa sauti kubwa kuliko mvua. Nikakasirika. Nani huyu asiye na adabu?

Alikuwa ni mimi.

Yeye akageuka. Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na mimi nikamwangalia, nikaona ana macho ya Numbi. Nikateleza kutoka kwenye kiti.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Aliinuka na ule mguu wake. Alipiga magoti, akakiegemeza kichwa changu kwenye paja lake. Hakuliangalia begi; hakujua lina nini. Alishika pembe ya kitenge chake mwenyewe, pale wamama wanapofunga hela na funguo. Palikuwa na fundo. Akalifungua kwa meno.

Ilikuwa sukari.

Akageuza uso wake ukutani, kwa heshima, na bila kutazama akanitafuta mdomo kwa vidole, kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Akanipaka sukari ndani ya shavu. Akachota tena, akapaka.

"Meza, papa. Meza polepole. Usilale. Meza."

Mwili wake wote ulitetemeka. Wangu pia. Sijui nani alikuwa akimtetemesha mwenzake.

Nilipoanza kuona vizuri, nilitaka kuinuka, nikaomba msamaha kwa jina lile nililoita. Aliivuta sahani mpaka chini, akaifunua, akaisukuma mbele yangu.

"Sasa kula."

"Mama, buko..."

"Buko nitaisemezana na bankambo mwenyewe! Kula!"

Nikala, mbele ya hao mababu zake wote. Pale chini, sombe kwenye kidevu, na mama mkwe wangu ameketi mbele yangu, haangalii tena ukuta. Alihesabu kila tonge. Numbi aliingia ameloa chapachapa, pilipili tatu mkononi, akatukuta hivyo. Pilipili zikaanguka. Hakuna aliyeziokota.

Mvua ilipopungua, mama alianza kugomba, na aligomba vizuri sana.

"Munafikiri miye ni mutoto? Nilijua tangu kiangazi, ile siku ulimaliza bidoni ya maji! Baba yake Numbi alikunywaka vile vile. Miaka kumi na moja alipigaka sindano, na kazi ya treni alifanyaka, na watoto alizalaka!"

Numbi alikaa chini kwenye maji. "Mama, papa alikufa na kidonda ya muguu."

"Na ile kidonda, nani aliikataza kupona? Sukari. Alisema watoto basijue, ku kazi basijue. Nikanyamaza. Miaka yote nilifunga sukari mu kitenge, juu alikuwa anaanguka. Siku ya mwisho hakusema muguu inauma, mpaka ikanuka." Alijifuta uso kwa kitenge kile kile. "Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufunua. Miye nilishaona kilio yake. Sitaki ingine."

"Kwa nini hukuniuliza, mama?" nikasema.

"Buko! Mama mukwe anaulizaka mwanaume habari ya mwili yake? Nilikuwa nangojea useme. Kila mukikuya, nafunga fundo, nangojea useme. Mukienda, nafungua, naitia mu chai, nalia."

Hapo nilijificha uso. Mimi niliogopa atakuja kunichukulia mke, kumbe muda wote alikuwa akinilinda kwa mgongo. Nikamwambia yote, hata ile hofu ya kitanda cha Sifa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema sitaki mutoto wangu aangalie mwanaume akiisha," akajibu. "Sikusema simupendi mwanaume."

Mlango niliumaliza wiki iliyofuata. Nilikuja na kuku jike mweupe na kitenge, maana jina la mkwe haliitwi bure, hata na mgonjwa. Alivipokea kwa uzito wote, mbele ya wazee wawili wa ukoo. Kuku akapikwa, wazee wakasema maneno yao, na tukala sahani moja, mimi na yeye, buko imefunguliwa. Alikula kidogo sana, kwa aibu. Na mimi vilevile. Numbi alimaliza mapaja yote mawili.

Jina lake bado silitaji, ndiyo maana hujalisoma hapa.

Sasa ni kiangazi tena. Chupa iko kwenye mchanga wake, mkanda uko kwenye tundu la kwanza. Kuna siku mbaya, sikudanganyi. Sindano zinachosha, na kuna asubuhi natamani niamke tu, ninywe chai, niende kazini kama watu. Kama hiyo karatasi iko mfukoni mwako, sina dawa ya kukupa zaidi ya hii: mtafute huyo mtu unayemwogopa kuliko wote, umwambie leo. Huenda naye anangoja.

Juzi nilikuwa na siku ya kipimo. Mama mkwe wangu alitoka Kipushi kuja kunisindikiza, hakuna aliyemwomba. Tuliketi kwenye lile benchi lisilo na mahali pa kuegemea, bega kwa bega, na watu wakadhani ni mama yangu mzazi. Nikatazama pembe ya kitenge chake. Fundo lilikuwepo.

Akanikamata nikitazama.

"Angalia mbele," akasema. "Banaita jina yako."